Jumamosi za kufuma kwenye duka la nyuzi, na alichofanyiwa Bibi

Nimeandika haya mara tatu nikafuta, maana kila nikifika katikati hasira inanipanda upya. Safari hii nayaacha yatoke kama yalivyo.

Ni duka la nyuzi katikati ya mji hapa Arusha. Jina silitaji, wafumaji wa mji huu wanalijua. Kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi kule nyuma inatengwa meza kubwa, mtu anakuja na sindano zake au kroshia yake, anakaa, anafuma, anauliza alipokwama. Kiingilio hakuna. Nimehudhuria karibu miaka miwili, na nikikosa ujue kuna msiba au naumwa. Kwa hiyo siongei kama mtu aliyeingia mara moja akatoka na neno.

Pale mezani kuna bibi mmoja, mkunga mstaafu. Wote tunamwita Bibi. Kazi yake ni moja tu, kofia za watoto njiti. Hauzi hata moja. Zikijaa mfuko anazifua, anazianika, anazipeleka wodi ya wazazi. Yeye ndiye aliyetuelewesha kwamba mtoto wa kilo moja na nusu kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, joto linamtoka hapo kwa wingi, na akifungwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ile huduma ya kangaruu, havai kitu zaidi ya nepi, kofia na soksi. Alitusimulia pia kwamba jambo hilo lilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa haina mashine za joto za kutosha. Alilisimulia huku anafuma, hakuinua macho, na meza nzima tulinyamaza kumsikiliza.

Uzi wake anautoa kwenye masweta ya mtumba. Akienda Moshi kusalimia anapitia soko la mitumba la Memorial, anachagua sweta la pamba tupu. Sufu haitaki kwa kofia hizi, kwa sababu hospitali wanafulia maji ya moto na sufu ikikutana na maji ya moto inajikunja inakuwa kama kipande cha zulia. Kabla hajalipa analigeuza sweta ndani nje, anatazama mishono ya ubavuni. Likiwa limekatwa na kupigwa ovaloki analirudisha, kwa sababu uzi utatoka vipande vipande. Likiwa limefumwa kila upande peke yake kisha likaunganishwa, hapo analo. Nyumbani anakata ule mshono, anatafuta ncha juu ya shingo, anavuta, na kila kipande kinafumuka kwa uzi mmoja mrefu uliojisokota kama tambi. Anauzungusha kwenye mgongo wa kiti, anaulowesha, anauanika na chupa ya maji ikining'inia chini mpaka unyooke. Ukiushika huwezi kujua umewahi kuwa sweta. Kofia ikiisha anaivalisha chungwa kuona kama imekaa sawa. Chungwa. Hicho ndicho kipimo cha kichwa cha mtoto anayemfumia.

Sasa. Kipindi kile cha baridi, Jumamosi moja, mwenye duka alikuwa anapiga picha za meza aweke Instagram. Alipanga madonge mapya katikati, ya bluu, ya haradali, akatuambia tusogeze vikombe. Tukasogeza. Akafika kwa Bibi. Bibi alikuwa na donge lake la kijivu la mtumba, kofia nusu kwenye sindano, na chungwa pembeni limevalishwa kofia iliyokwisha. Mwenye duka ni mtu wa miaka arobaini hivi, sawa na binti wa Bibi. Shikamoo hakumpa. Alichukua ile kofia kwa vidole viwili, kwa ncha za kucha, kama mtu anayeokota soksi chafu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kaunta: "Hivi wewe mama, hapa ni dukani au mnadani? Hayo matambara si ukafumulie nyumbani kwako?"

Bibi akasema, "Samahani mwanangu." Akaanza kukusanya vitu vyake. Mikono haikumtii, donge likamponyoka likabingirika chini ya rafu, na mimi ndiye niliyeinama kulitoa. Nikampa. Akasema ahsante. Akavaa kitenge chake begani, akatoka. Chungwa likabaki mezani bila kofia.

Na picha ikapigwa. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Watu tisa tulikaa pale, watu wazima tuliolelewa na mama zetu, na picha ikapigwa. Mimi nilinyamaza. Nilijiambia sitaki kuzua ugomvi mbele ya wateja. Nilipofika nyumbani nilishindwa hata kula.

Ninajua mtakaloniambia, maana nimeshaambiwa. Kodi ya fremu katikati ya mji si mchezo, meza ile ipo ili watu wanunue uzi, na mtu akikaa masaa manne na uzi wa kwake mwenye duka anapata nini? Hoja ipo. Siipingi. Lakini kama ni sharti, liandikwe mlangoni, "uzi wa nje hauruhusiwi", tutalisoma tutafuata. Miaka miwili hakuna aliyewahi kulitamka. Na hata lingekuwepo, mkubwa anavutwa pembeni, anaanza kupewa shikamoo, anaambiwa kwa heshima. Halafu Bibi alikuwa akinunua. Sindano zake namba kumi alizinunua pale pale, nikiwa nimesimama nyuma yake kwenye foleni.

Nikitulia kidogo nakubali kwamba meza ile imenifaa sana. Mimi kroshia nilijifunza kwenye video za Wamarekani. Nikapata maelekezo ya gauni la mtoto kutoka kitabu cha Waingereza, nikafuma wiki tatu, kikatoka kitu cha kumtosha mtoto wa darasa la pili. Nililia. Mama mmoja pale mezani aliliangalia mara moja tu, akaniambia, ule mshono Mwingereza anaouita dabo, Mmarekani anauita singo, wewe umefuma dabo ya Mmarekani, ambayo ni ndefu zaidi, mwanzo mpaka mwisho. Wiki tatu za kuumiza kichwa zikaeleweka kwa sentensi moja. Kisigino cha soksi nilifundishwa pale pia, nikiwa nimeshakata tamaa. Na dada wa kaunta ni mtu safi kabisa, hakuuzii madonge mawili bila kulinganisha namba za kuchovya rangi kwenye lebo, ili sweta lako lisije likawa na mkono mmoja mweusi zaidi ya mwenzake. Mimi sijaona duka lingine hapa mjini linalofanya hivyo.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilitaka kusema msiende. Nimefika hapa nasema nendeni, hasa kama unaanza na huna wa kumuuliza. Kaeni karibu na wale mama wa upande wa dirishani, wanajua.

Hapana. Ngojeni. Nimeikumbuka ile "samahani mwanangu". Mtu aliyepokea watoto wa watu miaka yote ile anaomba samahani kwa kosa lipi? Kwa kukaa? Siwezi kuwaambia watu waende mahali ambapo jambo hilo lilipita na Jumamosi iliyofuata tukaletewa chai kama kawaida, na picha ipo hadi leo, imepata mioyo mingi, na ukiikuza unaliona lile chungwa pembeni. Nililiona nikazima simu.

Bibi hajarudi. Nilikwenda kwake juzi nikamkuta barazani anafuma, kavaa sweta mbili, baridi imemshika magoti. Hakumsema mtu. Nilipoanza kulalamika alinikatisha, akaniuliza kama naweza kumshikia uzi azungushe donge. Nikanyoosha mikono, akazungusha, tukakaa hivyo karibu saa nzima. Wakati naaga ndipo akasema, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba ule mkasi wake mdogo wa kukunja aliusahau pale dukani, ndani ya kopo la sindano, na kama nitapita siku yoyote nimchukulie. Ni mkasi aliokuwa nao tangu yuko kazini.

Jumamosi hii naenda kuuchukua. Sitakaa. Nitamwomba mwenye duka tutoke nje tuongee wawili, kwa sababu mimi sitamfanyia mbele ya watu alichomfanyia Bibi, na nitamwelekeza nyumba ilipo. Kutoka dukani kwake kwa mguu ni dakika ishirini.