Mkoba wa fremu wa kumbebea mtoto: mzuri, ukifungwa sawasawa

Kwenye njia ya mawe na mizizi, mkoba huu unakishinda kigari cha mtoto kwa mbali. Mtoto awe tayari anakaa mwenyewe, kwa kawaida kuanzia miezi 6. Mkoba mtupu una kilo 3 hivi, uzito ambao si haba kwenye mwinuko.

Wengi hukaza mikanda ya mabega kwanza, kisha wanalalamika kuwa mkoba unaumiza. Anza kwa kurekebisha urefu wa mgongo wa mkoba ulingane na mgongo wako, funga mkanda wa kiuno juu ya mifupa ya nyonga, ndipo ukaze ya mabega. Vikanyagio navyo virekebishwe, maana miguu ikining'inia hufa ganzi. Baadhi ya mikoba hii huuzwa bila kivuli cha jua (ubahili mtupu!). Kiguu cha kusimamishia ni cha kupakia na kushusha tu, mkono ukiwa umeushika mkoba.