Kibanda cha gemu Sinza: ukitaka kukipima, kaa kwanza kwenye benchi

Kibanda hiki kiko uchochoroni, nyuma ya Barabara ya Shekilango pale Sinza, kimebanwa kati ya kinyozi na wakala wa pesa za simu. Ndani kuna runinga nne, mashine za PlayStation (PS4 tatu, PS3 moja ya wadogo), pedi nane, feni mbili za ukutani na benchi moja refu la mbao. Mechi moja ni shilingi 500, nusu saa ni 1,000. Tathmini hii ni kwa anayetaka kucheza bila kugombana na mashine, na kwa mwanafunzi wa habari na mawasiliano anayetafuta mahali pa kufanyia utafiti wa gemu na mitandao ya kijamii. Wote wawili patawafaa, mradi wajue cha kukagua kabla hawajatoa hela.

Bei kwanza. Kila kipindi cha mechi ya mpira kimewekwa dakika nne. Ukijumlisha kupanga kikosi, marudio ya magoli na ubishi wa penalti, mechi moja inakula kama dakika kumi na moja. Nusu saa basi inatosha mechi mbili na kipande, na mkiwa wepesi kuruka marudio mnafikisha tatu. Wawili mnaojuana lipieni muda. Ukija peke yako cheza kwa mechi, kwa sababu sheria ya hapa ni kwamba aliyefungwa analipa na ananyanyuka, mshindi anabaki na pedi yake. Sare mnagawana, kila mmoja 250, na wote mnapisha. Njoo na sarafu, chenji hapa ni shida.

Gemu kuu ni FC 24, gemu ya mpira ya EA Sports, iliyotoka Septemba 2023 baada ya kampuni hiyo kuachana na jina la FIFA. Benchi zima bado linasema "tupige FIFA", na mtafiti aandike hivyo hivyo wanavyosema. Kwenye PS3 ipo PES 2013, gemu nyingine ya mpira, na inacheza vizuri tu.

Runinga inayogombaniwa ni namba mbili, ile kubwa kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayochelewa. Runinga za kisasa huchakata picha kabla ya kuionyesha: huongeza ukali wa rangi na kulainisha mwendo, na kazi hiyo hula muda. Gemu ya mpira kwenye PS4 hutoa picha 60 kwa sekunde, yaani kila picha ina kama milisekunde 17. Runinga ikichelewesha milisekunde 100, kidole chako kimeshabonyeza shuti lakini macho bado yanaangalia picha sita zilizopita. Ndiyo maana watu wanakosa penalti kwenye runinga namba mbili na kwenye namba nne, ndogo na kuukuu, wanafunga. Kupima ni rahisi. Weka kamera ya simu kwenye mwendo wa polepole wa picha 240 kwa sekunde, rekodi kidole na skrini kwa pamoja, kisha hesabu picha kuanzia kidole kilipobonyeza hadi mchezaji alipotikisika. Kila picha ni kama milisekunde nne. Dawa yake ni kuwasha mpangilio wa gemu kwenye menyu ya runinga. Mwombe kijana wa zamu, ni kazi ya dakika moja kwa rimoti. Ila waya wa HDMI ukihamishiwa tundu jingine, runinga nyingi hurudi kwenye mpangilio wa kawaida, kwa hiyo uliza kila unapokuja.

Pedi nazo zikague moja moja. Ilaze pedi gotini, ondoa vidole gumba, mpira ukiwa umeanza angalia mchezaji wako. Kwa pedi namba tatu, nyeusi iliyofungwa utepe mwekundu, mchezaji anajiondokea kushoto polepole kama mtu aliyeitwa. Chini ya stiki, kile kijiti cha kidole gumba, kuna vipande viwili vyenye utando wa kaboni unaokwanguliwa kila unapokigeuza. Pedi ya nyumbani inakwanguliwa saa moja au mbili kwa siku, ya kibandani tangu asubuhi hadi usiku, na juu yake kuna jasho na vumbi. Utando ukilika, pedi inadhani umesukuma wakati hujaigusa. Hapa wanapulizia spiriti ya kusafishia, nayo inatuliza kwa siku chache tu. Tiba ya kweli ni fundi kung'oa stiki nzima na kuchomelea mpya kwa risasi. Kosa jingine ni tundu la chaji. Betri zimechoka, kwa hiyo pedi zote zinachezwa na waya, na goli likiingia mtu anaruka na waya unaenda naye. Ukiona waya umefungwa kwa mpira wa manati, omba pedi nyingine.

Umeme umefikiriwa nusu. Stabilaiza ipo, na inasaidia umeme unapopanda na kushuka. UPS, yaani betri ya kushikilia umeme, haipo, na stabilaiza haisaidii chochote umeme ukikatika. PS4 ikizimika ghafla, ikiwaka inaanza kukagua diski yake kabla ya kufungua kitu chochote, na bahati ikiwa mbaya faili za ligi mliyoihifadhi zinaharibika. UPS ndogo ingewapa dakika chache za kuzima kwa utaratibu. Joto nalo: mashine zimepangwa chini ya meza iliyofunikwa kitambaa, feni zao zinavuma kama jenereta. Kwa unyevu wa Dar vumbi halikai kavu, linaganda ndani kama tope. Kitambaa kile kiondolewe leo.

Pamoja na kasoro zote hizo, kibanda hiki kinastahili kupendekezwa, na sababu yake ni benchi. Limewekwa nyuma ya wachezaji kwa umbali wa hatua mbili, skrini zote nne zinaonekana, na mwenye kibanda hawafukuzi wasiolipa. Vipo vibanda ambako ukiwa huna zamu unasimama nje, na ndivyo vilivyodorora. Hapa aliyefungwa anarudi kukaa, anaeleza kwa nini amefungwa, wenzake wanamkatalia, na ligi ya maneno inaendelea. Anayecheza ni mmoja, mchezo ni wa watu kumi.

Mtu aliyekulia barazani halimshangazi hilo. Bao lina mashimo 32 na kete 64, lakini pale linapochezwa hasa kuna watu wamesimama wanahesabu mtaji, yaani hatua ya kula kete, kichwani kabla mchezaji hajaugusa. Alex de Voogt, aliyechapisha mwaka 1995 utafiti wake juu ya umahiri wa mafundi wa bao Zanzibar, alikwenda pale wanapokaa wenyewe. Kwa upande wa gemu, mtafiti T. L. Taylor amechunguza Twitch, mtandao wa kurusha gemu laivu uliofunguliwa 2011, na kuonyesha jinsi mchezo wa chumbani unavyogeuka onyesho la hadhara. Mwanafunzi wa Dar akisoma kazi hiyo asiishie kutafuta Twitch ya Kitanzania. Hapa Sinza mchezo ulianza hadharani, na mtandao umekuja kulirefusha benchi.

Urefushaji wenyewe unafanyika kupitia grupu la WhatsApp la kibanda. Zamu za jioni zinapangwa humo, matokeo yanabandikwa humo, na vijembe vya Simba na Yanga vinaingizwa hata kwenye mechi ya timu za Ulaya. Klipu za magoli zinatoka kwenye PS4 yenyewe, ambayo kwa kawaida huwa imehifadhi dakika 15 za mwisho. Unabonyeza kitufe cha SHARE, kisha mraba, halafu unanakili video kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa faili wa exFAT au FAT32. Kijana wa zamu anafanya hivyo bure na klipu inaruka hadi stetasi. Huduma hii ni nzuri kuliko bei yake, na vibanda vingi havina.

Mtafiti ajipange kwa kila njia ya mawasiliano kivyake. Stetasi hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo maelezo yaandikwe siku ile ile. Soga za grupu zinaweza kutolewa kama faili: hadi ujumbe 40,000 wa karibuni bila picha na sauti, au 10,000 pamoja navyo. Chagua la pili. Ukitoa bila sauti unapoteza ujumbe wote wa sauti, na vijembe vitamu vya grupu hili vinasemwa, haviandikwi. Tangu 2025 WhatsApp ina mpangilio wa faragha unaozuia soga kutolewa. Ukikuta umewashwa, usizunguke kwa kupiga picha za skrini. Watu wameshakujibu. Na anayedhani atakusanya kila kitu akiwa mezani akumbuke kwamba CrowdTangle, chombo cha Meta cha kufuatilia machapisho ya Facebook na Instagram kilichotegemewa na watafiti wengi, kilifungwa Agosti 2024. Benchi lipo bado.

Ruhusa ya msimamizi wa grupu si ruhusa ya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na namba ya simu ni taarifa binafsi. Njoo na barua ya chuo, pitia ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe benchini kwa mdomo na grupuni kwa maandishi, na rudia kila wanapoongezeka watu. Badilisha majina kuwa alama kabla faili haijafika kwenye kompyuta ya pamoja, na orodha ya alama ifungiwe mbali na faili. Kwa watoto unahitaji ridhaa ya mzazi. Kama hukuipata, usimrekodi, hata kama yeye ndiye anayechekesha kuliko wote.

Hapo ndipo penye malalamiko makubwa mawili. Watoto wenye sare za shule huonekana kwenye PS3 saa nne asubuhi, siku za masomo, na hakuna anayewauliza. La pili ni hela zinazowekwa benchini usiku. Aliyefungwa kulipia mechi ni desturi ya kibanda, lakini watazamaji wakiweka dau juu ya nani atashinda, hapo tumeshaingia kwenye michezo ya kubahatisha, ambayo ina sheria yake ya 2003, bodi yake na leseni yake, na mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi. Mwenye kibanda anayependa benchi lake alisafishe mapema, kwa sababu dau likizoeleka mazungumzo yanakufa. Watu wanaacha kubishana kuhusu pasi, wanabishana kuhusu elfu mbili.

Muda mzuri wa kwenda ni Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja usiku. Mwisho wa wiki utasubiri zamu mpaka uchoke, ingawa kwa mtafiti foleni hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kaa mwisho wa benchi upande wa mlango: kuna hewa, skrini zote unaziona, na kila anayetoka kufungwa anapita hapo akiwa bado na la kusema. Ukitaka kucheza, omba runinga namba nne na pedi namba sita.