Fleksibo za elfu tatu na za elfu tisa: zilivyohimili chumvi ya Shangani

Nasimamia nyumba ndogo ya wageni hapa Shangani, Mtwara, upande ambao upepo wa bahari unaingia bila kizuizi. Kila chumba kina sinki na choo cha kuflashi, kwa hiyo kila chumba kina ile mipira ya kuunganisha koki na bomba la ukutani ambayo mafundi wanaiita fleksibo. Tulipokarabati nilinunua aina mbili katika duka moja la vifaa vya ujenzi karibu na Soko Kuu. Vyumba vya mbele tuliweka za elfu tisa, vya nyuma za elfu tatu. Imepita misimu kadhaa ya korosho tangu hapo, na sasa hata anayeingia kufagia anaweza kukuonyesha chumba kipi kina ipi.

Nianze na za elfu tatu. Dukani zinang'aa kuliko zile za bei. Wavu wake wa nje ni wa alumini, umefumwa kwa nafasi, na ukiukunja mpira unaona weusi wa ndani ukichungulia. Nati zake ni laini, fundi akizidisha spana kidogo kona zinalika. Hazikumaliza mwaka kabla ya kuanza kutoa unga mweupe shingoni, pale wavu unapoingia kwenye nati. Msichana wa usafi alikuwa anaufuta kwa kitambaa akidhani ni vumbi, lakini ule ni alumini yenyewe inaliwa na chumvi. Na huo wavu ndio unaobeba presha, kwa sababu mpira wa ndani peke yake hauiwezi. Nyuzi chache zikikatika, mpira unatokeza kwenye tundu na kuvimba kama kipele, na hapo unangoja siku tu.

Kwetu ilipasuka usiku. Chumbani alikuwa baba mmoja aliyetoka Masasi kumuuguza ndugu yake Hospitali ya Ligula, mtu aliyekwisha kuchoka kwa mengine. Alipogonga mlango wangu maji yalikuwa yameshafika ukumbini, na begi lake la nguo lilikuwa chini. Nilimhamisha chumba, nikafua nguo zake, na godoro moja halikupona. Asubuhi fundi alipokuja nilimuuliza kwa nini usiku, maana jioni mimi mwenyewe nilipita mle na kulikuwa kukavu.

"Mama, mchana watu wanachota kila mahali, presha inapungua," akaniambia. "Usiku koki zote zimefungwa, presha inapanda, kwa hiyo mpira mchovu unapasuka saa hiyo."

Ndiyo maana sizilaumu sana fleksibo za bei ndogo kwa mtu anayetumia maji ya simtank pekee. Tangi lililoinuliwa mita 4 linatoa presha ya baa 0.4 tu (baa ni kipimo cha presha), kwa kuwa kila mita 10 za kimo ni kama baa moja. Maji yanayokuja moja kwa moja kutoka bomba la mtaa ni habari nyingine, na huko mimi siziweki tena hata kwa kupewa bure. Tena tangi likiisha maji linasimama, lakini bomba la mtaa litaendelea kumwaga mpaka mtu aamke afunge.

Za elfu tisa zina uzito, unausikia ukiishika. Nati ni za shaba, ukikwaruza kwa ncha ya ufunguo chini ya mng'aro unaona njano. Wavu ni wa stenlesi, umebana, na kwenye lebo imeandikwa 304, yaani aina ya stenlesi yenyewe. Kijana wa duka ana sumaku ndogo kaunta na anakupa ujaribu mwenyewe: ikinasa kwa nguvu kwenye wavu, huenda ni chuma cha kawaida kilichopakwa, kiache. Ila sumaku isikutoshe, kwa sababu alumini nayo hainasi. Weka moja mkono huu na nyingine mkono ule, uzito utakwambia.

Nyingi za mbele bado ni safi. Chumba kimoja tu kilitoa vidoa vya kahawia kwenye wavu, nami nikashangaa, maana kiko mbali zaidi na bahari kuliko vingine. Kumbe kabatini chini ya sinki ndimo ilimokuwa inawekwa chupa ya klorini ya kufulia mashuka, na kifuniko chake hakikazi. Mvuke wa klorini unakula hata stenlesi. Chupa zote sasa ziko stoo ya nje, na ningeomba kila mwenye nyumba afungue kabati lake leo aangalie.

Kuhusu muda, watengenezaji wengi hutaja kati ya miaka 5 na 10. Kwa pwani hii mimi nimekata shauri kuwa miaka 5 ndiyo mwisho, hata ikiwa inang'aa, na fundi anaandika mwaka kwa kalamu ya wino mzito kwenye kikaratasi anachokifunga kwenye engo valvu, ile koki ndogo ya ukutani fleksibo inapoanzia. Kabla ya hapo natazama shingo. Kutu, unga, uzi uliokatika, uvimbe au mkunjo mkali, yote hayo ni kubadilisha siku hiyohiyo. Unyevu ninautafuta kwa karatasi ya chooni, naizungusha kwenye nati. Usipitishe kidole kitupu, nyuzi zilizokatika zinachoma. Na ikivuja kwenye nati baada ya miaka, kukaza zaidi hakusaidii sana kwa sababu washa, ile pete ya mpira ya ndani, imeshakuwa ngumu.

Duka lenyewe nalipenda. Kijana anafungua pakiti bila kununa, na nilipomuuliza za elfu tatu alisema wazi, "Mama, hizi kwa chumba cha wageni sikushauri." Nilizichukua kwa ajili ya bajeti, yeye alishatimiza wajibu wake. Kinachonikera ni urefu. Wanaweka zaidi za sentimita 40, na kwenye sinki zetu zinafika kwa kuvutwa. Fleksibo iliyovutwa inachoka shingoni mapema, inatakiwa ilegee kidogo. Za sentimita 60 niliambiwa nisubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Na risiti nilipewa baada ya kuidai, jambo ambalo halipaswi kudaiwa.

Engo valvu zao za shaba ni nzuri. Maboya ya tangi ni ya kawaida tu.

Siku hiyo nilichukua pia bomba za plastiki za PPR kwa banda la nyuma, ambako mabomba ya chuma ya zamani yalikuwa yanatoa maji mekundu kila asubuhi na koki zinatiririka kinyonge ingawa tangi limejaa. Fundi alipokata kipande, tundu la ndani lilikuwa limebaki la kupitisha penseli. Hapo hatukuziba popote, tuling'oa laini nzima. Sehemu inayopita nje tumeifukia, kwa kuwa PPR haipendi jua.

Vyumba vya nyuma vyote sasa vina za elfu tisa. Ukienda, agiza urefu wako mapema kwa simu, na wapigie kabla ya msimu wa korosho, maana fedha zikiingia mjini kila mtu anajenga na zile nzito ndizo zinazoisha kwanza.