Kamati ya shule ya wanangu hapa Tanga, naipa nyota tatu na nusu

Kila Desemba naulizwa swali lilelile na kina mama wanaohamia mjini, eti shule gani ya msingi ya serikali ni nzuri hapa Tanga, na wanachotaka kusikia ni majengo, madawati, na wangapi wamefaulu la saba. Mi sa hivi nawauliza wao kwanza, kamati ya hiyo shule mmeiona? Maana nina watoto wawili shule moja ya serikali (jina nalihifadhi), mmoja la tatu mwingine la sita, na nimepitia kamati mbili palepale, majengo yaleyale, mwalimu mkuu yuleyule, na tofauti niliyoiona ni ya mbingu na ardhi. Kwa hiyo naitathmini kamati kama mtu anavyomtathmini fundi aliyemjengea nyumba.

Nianze na ile ya zamani. Mwaka mzima wa kwanza sikujua wajumbe ni kina nani. Nilimuuliza mama anayeuza mihogo ya kukaanga getini, mwenyekiti wa kamati ndo yupi, akaniambia ni yule mzee mwenye baiskeli nyekundu ila alishahamia Muheza. Mwenyekiti kahamia Muheza na hakuna aliyetutangazia! Mkutano wa wazazi ulikuwa unaitishwa Jumatano saa nne asubuhi, muda ambao mama wa sokoni yuko sokoni na dereva wa boda yuko barabarani, wanafika wazazi thelathini, wanasomewa michango, elfu mbili ya mlinzi, elfu moja ya karatasi za mitihani, kuna swali? hakuna, tawanyikeni. Kuna mwaka ililetwa simenti ya kukarabati darasa, ikarundikwa stoo inayovuja, masika ikaingia, mifuko yote ikaganda ikawa mawe. Hakuna aliyeulizwa. Na mi nakumbuka nikiwa mdogo, 2002 MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, inaanza, karo ya msingi ndo imefutwa, shule zimejaa watoto mpaka sakafuni, marehemu baba na wenzake walikuwa wanabeba mchanga Jumamosi na mjumbe wa kamati anahesabu mifuko ya simenti mmoja mmoja mbele ya watu. Sasa simenti kuganda stoo iliniuma sana kwakweli.

Muda wao ulipoisha tukachagua wapya. Hapo niseme kitu ambacho wazazi wengi hawakijui, kamati ya shule sio hisani ya mwalimu mkuu, ipo kwenye Sheria ya Elimu ya 1978, na wajumbe wanaotuwakilisha sisi wazazi tunawachagua wenyewe kwenye mkutano, pamoja nao wanakaa wawakilishi wa walimu na viongozi wa mtaa, na mwalimu mkuu anakuwa katibu. Hawaajiri mwalimu wala hawamfukuzi, hiyo sio kazi yao, kazi yao ni kupanga na shule, kupitisha bajeti, kusimamia pesa na mali ya shule, na kutuletea sisi majibu. Safari hii akachaguliwa mzee mmoja fundi mashua kule Deep Sea, eneo la wavuvi hapa mjini, kuwa mwenyekiti, na mama mmoja muuza samaki hukohuko akaingia kuwa mjumbe.

Kitu cha kwanza walichofanya ni kuhamisha mkutano, ukawa Jumamosi alasiri. Hilo tu, hawakuongeza hata senti, na uwanja ukajaa mpaka watu wakakaa kwenye baiskeli zao pembeni ya mwembe.

Cha pili ni ubao wa matangazo. Wakabandika ruzuku iliyoingia mwezi huo na ilivyotumika, kwa mkono, kalamu ya wino mnene, mzazi yeyote anasoma. Mzee mwenyekiti akasimama akatuelezea, serikali imeweka shilingi 10,000 kwa kila mtoto wa msingi kwa mwaka, 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndo inayoshuka akaunti ya shule, kwa hiyo ni 500 kwa mwezi kwa mtoto mmoja. Shule yetu ina watoto mia nane na ushee, piga hesabu, laki nne na kidogo kwa mwezi, na humo humo kuna chaki, ukarabati, mitihani, michezo na karatasi za ofisi. Watu wakanyamaza. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 wengi wetu tulikuwa tunaamini shule imejaa mapesa ya serikali na mwalimu anayala, na wengine tulikuwa tunaamini serikali haileti kitu kabisa, kumbe ukweli uko kwenye laki nne. Kuanzia siku ile ugomvi wa michango ulipungua mno maana mtu akiambiwa pengo ni la shilingi ngapi na risiti ziko pale ukutani, anaelewa anaombwa kwa nini.

Vyoo navyo wamevisimamia. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana ishirini na tundu moja kwa wavulana ishirini na tano, sisi tulikuwa na matundu sita kwa wasichana mia nne na kitu. Wamama wa kamati ndo walioliongea waziwazi kwenye mkutano, kwamba binti wa la sita na la saba akiwa kwenye siku zake anabaki nyumbani kwa sababu ya foleni na mlango usio na komeo, na wababa walisikiliza mpaka mwisho. Wazazi wakachimba shimo kwa nguvu zao, tofali zikapatikana, halmashauri ikaombwa kumalizia. Mpaka naandika yameongezeka matundu manane. Bado hayatoshi ila milango ina komeo.

Sasa la uji, hapa niliwakasirikia. Tulikubaliana kwenye mkutano kila mzazi atoe mahindi au pesa, sawa, mi nikatoa. Siku moja napeleka daftari la mwanangu lililosahaulika nikakuta watoto kama kumi na mbili wametolewa kwenye mstari wa uji, wamekaa chini ya mwarobaini wanawaangalia wenzao wanakunywa, kisa majina ya wazazi wao hayapo kwenye orodha ya waliochangia. Mmoja ni mtoto wa jirani yangu, baba yake anaenda baharini, na wiki ile upepo wa kusi ulikuwa mkali hakuna aliyeingia. Nilimfuata mzee Deep Sea jioni ileile, nikamwambia shikamoo mzee, nimeona hiki na hiki. Aliacha randa akakaa. Akaniambia, "Mwanangu, orodha ile tulipitisha sisi kamati, mwalimu hana kosa, kosa letu." Kesho yake saa tatu alikuwa shuleni, orodha ikatoka mikononi mwa wapishi ikabaki kwa kamati, mwenye deni anafuatwa mzazi nyumbani, mtoto anakunywa uji. Serikali ilishasema siku nyingi mtoto asiadhibiwe kwa mchango wa mzazi, kwa hiyo haikutakiwa kufika pale kabisa, ila nimewahi kuona viongozi wangapi wanaosema kosa letu? Nusu nyota ile ni ya mzee kwa siku hiyo.

Kinachonifanya nisiwape tano ni viwili. Kimoja, kumbukumbu za kikao anaandika mwalimu mkuu kwa kuwa yeye ndo katibu, na mtu hata awe mwema vipi akiandika kikao ambacho yeye mwenyewe aliulizwa maswali, swali gumu linakuja kuwa sentensi moja. Shangazi yangu anaishi Leicester, alichaguliwa na wazazi wenzake kwenye bodi ya shule ya msingi ya mjukuu aliyekuwa anamlea, kule Uingereza wanakaa kawaida miaka minne, hawalipwi, na mkuu wa shule anaingia kikaoni anatoa taarifa lakini kalamu anashika karani wa bodi. Aliniambia kazi yao kubwa ni kuuliza tu, kuuliza mpaka wajibiwe, uendeshaji wa kila siku wanamwachia mkuu. Nilimsimulia mama wa samaki, sa hivi anaingia vikaoni na kauntabuku lake, anaandika mwenyewe nani kauliza nini na kajibiwa nini, na kikao kinachofuata analifungua.

Cha pili ndo kizito zaidi. Kamati yetu inajua matofali, mabati, uji, vyoo, ila suala la watoto kujua kusoma wanaliogopa, wanaona hayo ni ya walimu. Kwenye mkutano wa mwisho niliuliza watoto wangapi wa la tatu hawajui kusoma, maana mwakani wana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Kamati nzima iliangaliana. Aliyejibu ni mwalimu wa darasa mwenyewe, dada mdogo tu, akasimama akasema ishirini na watatu, kati ya watoto tisini na moja, na amekuwa akisubiri mtu amuulize. Ishirini na watatu! Tunajua mifuko ya simenti iliyobaki stoo na hatujui hili. Huku kwetu Tanga na hata Pwani mradi wa Shule Bora umehimiza UWAWA, ushirikiano wa wazazi na walimu ngazi ya darasa, na huko ndiko mambo ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, yangekuwa yanajadiliwa kila mwezi, kwetu la tatu UWAWA imekutana mara moja tu ikachagua viongozi ikaishia hapo.

Yule mwalimu ameomba wazazi wanne wa kukaa na hao watoto Jumamosi asubuhi kabla ya madrasa ya mchana, kwa muda wa saa moja na nusu tu, kuwasikiliza wakisoma kwa sauti. Tumepatikana watatu, mimi, mama wa samaki, na baba mmoja dereva wa daladala ya Pongwe anayeingia zamu mchana. Bado tunamtafuta wa nne.