Likizo ya familia kutoka Dodoma: wapi kiingilio kinalipa na wapi unalipia foleni

Kabla ya kulinganisha bei, piga hesabu hii: chukua pesa zote zitakazotoka mfukoni, tangu nauli mpaka maji ya kunywa, ugawanye kwa saa ambazo watoto watakuwa wanacheza au wanaangalia kitu cha maana. Saa za barabarani, za foleni na za kusubiri chipsi usizihesabu. Kiingilio huwa ni sehemu ndogo ya gharama, na mara nyingi ndicho pekee ambacho watu huulizia.

Bustani kubwa za burudani za Marekani ndizo zinazoonyesha vizuri hesabu hii inavyoharibika. Walt Disney World ya Florida ilipofunguliwa mwaka 1971, mtu mzima aliingia kwa dola 3.50, bembea akalipia kando. Mwaka 2015 tiketi ya siku moja ya Magic Kingdom, mojawapo ya bustani zilizomo humo, ikavuka dola 100. Mwaka 2018 bei zikaanza kupangwa kwa tarehe, kwamba siku ambayo wewe una nafasi ndiyo siku yenye bei kubwa. Oktoba 2025 wakatangaza bei zinazovuka dola 200 kwa siku zenye watu wengi zaidi. Kuna kingine kinachouma zaidi ya kiingilio: utaratibu wa kupunguziwa foleni, uliokuwa bure tangu 1999, uliondolewa mwaka 2021 na nafasi yake ikachukuliwa na wa kulipia. Kwa hiyo leo unalipa kuingia, halafu unalipa tena ili usisimame juani saa nzima kwa ajili ya bembea ya dakika tatu.

Watu wanne, siku moja, msimu wa juu: kama dola 800 za tiketi tu. Ukikadiria dola kwa shilingi 2,500, hiyo ni milioni mbili, na hujalala, hujala, hujapanda ndege. Milioni mbili hiyo, ukitokea Dodoma, ina kazi nyingi za kufanya.

Orodha hii imepangwa kwa familia ya baba, mama na watoto wawili wa miaka 6 hadi 12.

1. Dar es Salaam kwa treni: maji na bahari

Nafasi ya kwanza inakwenda hapa kwa sababu ya SGR, reli mpya ya umeme. Tangu treni ianze kubeba abiria kutoka Dodoma Julai 2024, safari iliyokuwa ikila siku nzima kwa basi imekuwa ya saa nne hivi, na hiyo inabadilisha hesabu yote: mtoto akitoka Dodoma alfajiri, mchana yuko majini. Nauli ya treni ya kawaida iliwekwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto wa miaka 4 hadi 12. Familia yetu kwenda na kurudi ni shilingi 186,000. Treni ya haraka ni ghali zaidi na muda inaookoa ni mdogo, kwa safari ya mapumziko haina ulazima.

Kata tiketi za kwenda na za kurudi kwa pamoja. Kosa la kawaida ni kukata ya kwenda, ukasema ya kurudi utaikata Dar. Jumapili jioni, na karibu na shule kufunguliwa, treni hujaa, na familia ya watu wanne ikagawanyika mabehewa mawili au ikaishia kwenye basi. Beba kitambulisho cha NIDA na nakala ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana nusu nauli ina umri wake. Fika stesheni mapema. Kuna ukaguzi wa mizigo, na treni haina tabia ya basi ya kumsubiri aliyekwenda kununua soda.

Kwenye vitelezi vya maji, Kunduchi Wet 'n' Wild ndiyo inayojulikana zaidi. Iko kaskazini mwa jiji, upande wa Barabara ya Bagamoyo, mbali na stesheni. Lala Mbezi Beach, Kunduchi au Tegeta, usilale Kariakoo kwa kufuata chumba cha bei nafuu, kwani kile ulichookoa kitaliwa na teksi na foleni ya asubuhi.

Piga simu siku moja kabla, uulize maswali matatu. Leo vitelezi vingapi vinafanya kazi? Maji ya kila kitelezi hupandishwa na pampu yake, na siku za kawaida zenye watu wachache baadhi huzimwa. Kipimo cha urefu ni kipi? Vitelezi vikubwa vina alama ya urefu, na mtoto aliyepungukiwa na vidole viwili ataishia bwawa la wadogo huku umelipa. Mpime nyumbani akiwa hana viatu. Tatu, chakula kutoka nje kinaruhusiwa? Mara nyingi hakiruhusiwi, basi washibishe kwanza kabla ya getini.

Mavazi ni jambo linalorudisha watu getini. Nguo ya kuogelea iwe ya nailoni au likra. Jinzi na fulana za pamba hutoa nyuzi zinazoziba vichujio, na zipu au vifungo vya chuma huchana kitelezi, ndiyo maana zinakatazwa. Anayetaka kujisitiri anunue vazi refu la kuogelea Kariakoo. Huko kuna chaguo kubwa na bei nzuri kuliko la duka lililoko ndani. Nenda Jumanne au Jumatano. Siku ya Idi au Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa zako za kuteleza zinaweza kupungua nusu, na hapo umerudi kwenye tatizo lile lile la Florida, kwa shilingi.

2. Mikumi kwa gari lako

Kama una gari, hii inaweza kupanda ikawa ya kwanza, hasa Juni. Ni kama kilomita 360 kutoka Dodoma kupitia Gairo, Dumila na Morogoro, lami mwanzo hadi mwisho, na hifadhi imeanza kuonekana barabarani kabla hujafika getini.

Viingilio vya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kwa Mtanzania ndivyo vinavyofanya hesabu iwe tamu. Mikumi ni shilingi 5,000 kwa mtu mzima na 2,000 kwa mtoto wa miaka 5 hadi 15, kabla ya VAT ya asilimia 18. Walio chini ya miaka 5 hawalipi. Kwa familia yetu ni shilingi 16,520. Gari dogo lenye namba za Tanzania, lisilozidi kilo 2,000, ni 20,000 pamoja na VAT, yaani 23,600. Jumla shilingi 40,120 kwa siku. Mgeni asiye wa Afrika Mashariki hulipa dola 30 na VAT, mtu mmoja. Kwa hiyo kitambulisho ni pesa: anayeshindwa kuthibitisha uraia getini ana mazungumzo marefu mbele yake. Pesa taslimu hazipokelewi, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu au benki, kwa hiyo weka salio kwenye simu mapema.

Gharama kubwa ni mafuta. Kwenda, kurudi na mizunguko ya ndani ni kilomita 820 hivi. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litakunywa lita 82. Zidisha kwa bei ya mafuta ya mwezi huo inayotangazwa na EWURA. Jaza tangi Morogoro. Na ongeza bajeti ya matrafiki kama mguu wako ni mzito: Kibaigwa na Gairo zina vibao vya 50 na tochi za kupima mwendo, na kila kosa ni shilingi 30,000. Ndani ya eneo la hifadhi punguza mwendo bila kungoja tochi, kwa sababu kugonga mnyama kuna orodha ya faini zinazotajwa kwa dola.

Gari la chini linatosha kwenye barabara kuu za uwanda wa Mkata wakati wa kiangazi. Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbuga hushika tairi kama gundi, na hapo utamlipa mwenye trekta au mwenye Land Cruiser zaidi kuliko ulivyolipa getini. Ingia asubuhi mlango unapofunguliwa. Kuanzia saa tano wanyama huingia vivulini na watoto huanza kuulizana nani amekaa dirishani. Lala mji wa Mikumi badala ya ndani ya hifadhi, utaokoa nyingi.

Usiye na gari, fanya hesabu upya. Gari la safari la kukodi Morogoro au Mikumi huuzwa kwa siku, si kwa kichwa, kwa hiyo familia mbili zikiunganisha nguvu inakuwa nafuu, familia moja inaumia.

3. Kolo, kisha Tarangire

Barabara ya Dodoma–Babati ni lami yote sasa, na watu wengi bado hawajaitumia kwa matembezi. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kolo, ilipo ofisi ya michoro hiyo, iko kama kilomita 180 kutoka Dodoma, unasimama ofisini kuchukua mwongozaji. Njia ya kuelekea mapango yanayotembelewa zaidi ni mbovu, gari la chini litagusa mawe, halafu kuna kupanda kilima kwa miguu. Viatu vya kufunga, maji lita moja na nusu kila mtu, na wadogo chini ya miaka 7 watabebwa. Michoro mingine imefifia. Bila mwongozaji mtoto ataona mwamba tu.

Ukilala Babati, kesho yake Tarangire iko jirani. Kiingilio cha mtu mzima ni mara mbili ya Mikumi, lakini tembo wa kiangazi kando ya mto wanalipa tofauti hiyo. Mbung'o wapo: acha nguo za bluu iliyokolea na nyeusi nyumbani, zinawavuta.

4. Ruaha

Hifadhi bora kuliko zote zilizotajwa hapa, na bado tumeiweka ya nne. Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera ni lami safi, kama kilomita 260. Kutoka Iringa hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama 130 nyingine, na ulizia hali ya barabara kabla ya kuondoka Iringa. Siku moja haitoshi. Panga usiku mbili, beba chakula chote, na gari la juu. Kwa mtoto wa miaka 10 anayependa wanyama hakuna kifani. Kwa wa miaka 5 ni kiti cha nyuma cha muda mrefu mno.

5. Johannesburg

Kama ni lazima watoto wapande bembea kubwa zenyewe, angalia Gold Reef City, bustani iliyojengwa kwenye mgodi wa zamani wa dhahabu, kabla ya kuifikiria Marekani. Mtanzania anaingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi mafupi, na Air Tanzania inaruka kutoka Dar. Tatizo ni kwamba tiketi nne za ndege zinameza bajeti yote, na kila mtoto anahitaji pasipoti. Subiri mdogo avuke sentimita 130 hivi, vinginevyo bembea kubwa ataziangalia akiwa chini.

6. Florida

Kwa sasa haipo sokoni kwetu. Oktoba 2025 Marekani iliwawekea Watanzania dhamana ya viza ya dola 5,000 hadi 15,000, na kuanzia 1 Januari 2026 ikasimamisha viza za utalii kwa wengi. Wakala anayekuuzia kifurushi cha Disney leo na kutaka malipo ya awali kwenye namba yake binafsi, mwache.

Juni au Desemba?

Kwa nafasi ya 2, 3 na 4, Juni. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na nyasi zikirefuka wanyama hutawanyika kwa sababu maji yako kila mahali. Desemba nenda Dar, lakini tiketi za treni uwe umeshazikata kabla watu hawajaanza kurudi makwao kwa sikukuu. Bajeti ikikwama kabisa, Chinangali Park ipo hapa hapa mjini, na jioni ya siku ya kazi watoto hawagombanii bembea.