Dawa ya Kusafishia Vigari vya Umeme na Njia Zake: Ipi Ununue Ukiwa Mtwara au Lindi

Malalamiko ninayoletewa na wazazi wenye seti za Scalextric na Carrera, vile vigari vya kuchezea vinavyoshindana kwenye njia yenye umeme, yamekuwa ya namna moja: kigari kilikuwa kinakimbia vizuri, njia ikasafishwa, na baada ya hapo kigari kikaanza kushtukashtuka na kuzima kwenye kona. Mama mmoja wa Lindi alinieleza kwamba alifuta njia nzima kwa kitakasa mikono kilichobaki tangu wakati wa korona, kwa kuamini kwamba spiriti yoyote ni spiriti tu.

Sitazungumzia dawa ipi inaondoa uchafu, kwa sababu karibu zote zinauondoa. Ninachokagua ni kile kinachobaki juu ya reli baada ya dawa kukauka, jambo ambalo wauzaji hawaulizwi na wala hawalisemi. Kando ya mfereji wa njia zimelazwa reli mbili nyembamba za chuma zinazobeba umeme wa volti 12 hadi 15 hivi, na chini ya kigari kuna vipande viwili vya nyuzi za shaba zilizosukwa ambavyo huburuzika juu ya reli hizo na kuupeleka umeme kwenye mota. Umeme mdogo kiasi hicho hushindwa kupita vizuri penye utando, na utando wenyewe ukiwa na mafuta au unata hukusanya vumbi hadi nyuzi za shaba zikajaa tope jeusi. Kipimo ninachokitumia ni kudondosha tone moja kwenye kipande cha kioo kisafi, kuliacha likauke kivulini, kisha kukiinamisha kioo kuelekea mwanga wa dirisha. Ukiona duara lenye ukungu, au kidole kikinata, dawa hiyo isiguse reli. Kitakasa mikono hushindwa hapo hapo, kwa kuwa mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una gliserini ya asilimia 1.45, iliyowekwa makusudi ili ngozi isikauke. Kwenye kiganja ni neema, kwenye reli ni gundi.

Nafasi ya kwanza naipa CRC Contact Cleaner, dawa ya kontakti, yaani ya kupulizia kwenye sehemu zinazogusana kupitisha umeme, na sifichi kwamba ninaipendelea. Hukauka upesi, kioo hubaki kama kilivyokuwa, na mrija wake mwembamba hufika kwenye kaboni za mota, vile vipande vinavyoingiza umeme ndani yake, bila kukifungua kigari chote. Hakikisha kopo limeandikwa kwamba ni salama kwa plastiki, kwa maana zipo dawa za jamii hiyo zilizo kali zaidi, na uipulizie mahali penye hewa, umeme ukiwa umezimwa.

Ya pili ni alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, ambayo mafundi simu huitumia kuoshea bodi. Usichukue ile ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda. Kwenye sehemu 100 za chupa hiyo, kama 30 ni maji, na maji hayo hujificha kwenye maungio ya vipande vya njia. Katika nyumba inayopigwa na upepo wa bahari, Shangani au Mikindani, chumvi tayari ipo hewani na inasubiri unyevu tu. Reli za Carrera ni za chuma kisichoshika kutu, kwa hiyo huvumilia. Za Scalextric huota madoa ya kahawia. Hata hiyo ya asilimia 99 hunyonya unyevu wa hewa ikiachwa wazi, kwa hiyo chupa ndogo ni bora kuliko kubwa.

WD-40 ya kawaida, lile kopo la buluu na njano, naiweka ya tatu kwa kazi nyingine kabisa. Ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, na jina lake linatokana na jaribio la 40 la mchanganyiko huo. Inaacha mafuta. Ukitaka kuihifadhi njia wakati wa masika, pangusa reli kwa kitambaa chenye WD-40 kidogo, halafu uyaondoe mafuta hayo kwa alkoholi kabla ya kucheza.

Mafuta ya taa huacha ukungu wa mafuta, petroli ni hatari ya moto, na thina pamoja na asetoni ya saluni huyeyusha bodi ya kigari. Ekseli zipake mafuta ya cherehani, tone moja kwa ncha ya sindano. Mafuta ya nazi yaache jikoni.

Kinachoniudhi ni madukani. Uliza dawa ya kontakti, utapewa WD-40 ya kawaida na kuhakikishiwa kwamba ni kitu kile kile, wakati hata kampuni inayoitengeneza inauza dawa ya kontakti katika kopo tofauti. Isopropili nayo humiminwa kutoka kwenye dumu na kutiwa kwenye chupa za maji ya kunywa, bila lebo wala asilimia, jambo ambalo ni hatari kwa mtoto mwenye kiu kabla hatujafikiria reli. Duka moja la hapa Mtwara liliniuzia chupa ya namna hiyo kwa bei inayozidi ile ya Dar es Salaam mara mbili, nikaelezwa kwamba ni gharama za usafiri; ilipotiwa kwenye kioo, ilichukua muda mrefu kukauka na kuacha duara jeupe. Usafiri una gharama, nakubali, ila maji yaliyoongezwa humo hayakutoka Dar es Salaam. Dai chupa yenye lakiri ambayo haijafunguliwa, na muuzaji akikataa kudondosha tone kwenye kioo mbele yako, mrudishie chupa yake.