Frenchi presi ya kioo kutoka Kariakoo: inafaa, mradi kahawa isagwe chenga

Frenchi presi ni jagi la kutengenezea kahawa, lenye mti wa kusukumia chini wavu unaochuja machicha. Yangu ni ya lita moja, kioo ndani ya fremu ya chuma cha pua, mpini mweusi wa plastiki, bila jina la kampuni popote. Mdogo wangu aliinunua Kariakoo kwa shilingi 35,000, akaizungushia kanga na kuipakia kwenye basi la Mbeya. Naitumia kila asubuhi na naisifu bila kusita. Ila chombo hiki hakina miujiza; ubora wa kikombe unaamuliwa na kahawa unayoitia.

Sisi wa huku ni majirani wa Mbozi, kunakotoka kahawa nzuri mno ya aina ya arabika, lakini kabati nyingi zina kopo tu la Africafe, kahawa ya kuyeyuka. Sina ugomvi na Africafe. Inatengenezwa Bukoba, ni yetu, na mwenye haraka inamfaa. Lakini arabika iliyokaangwa juzijuzi ina harufu na uchachu fulani mwororo ambao kahawa ya kuyeyuka haina, na presi inakupa vyote hivyo jikoni kwako bila umeme wala mashine ya mamilioni.

Shida iko kwenye kusaga. Pakiti nyingi za madukani zimesagwa laini mno, za kuchemshia kwenye sufuria. Ukiitia hiyo kwenye presi, wavu unaziba, mti haushuki, na ukilazimisha, maji ya moto yanaruka pembeni na kukuunguza. Nunua punje zilizokaangwa, usage mwenyewe kwa kimashine cha mkono, chenga kama chumvi ya mawe. Mti ukishuka kwa uzito kidogo chini ya kiganja, umesaga sawa. Ukizama tu wenyewe, saga laini kidogo zaidi.

Kipimo changu ni gramu 60 kwa lita. Tukiwa wawili natia nusu lita ya maji na gramu 30, kama vijiko sita vya chakula vya kusawazisha.

Maji yanayofaa ni ya nyuzi 92 hadi 96. Aliye Dar yake yanachemka kwenye 100, kwa hiyo aepue, asubiri kidogo. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari na yanachemka kwenye 94 hivi, basi mimi namimina yakiwa yanatokota. Kahawa ikiwa imekaangwa juzijuzi, hapo hapo inaumuka na kufanya tabaka zito juu, na harufu inafika hadi sebuleni. Naiacha dakika 4, navunja lile tabaka kwa mwiko mdogo wa mbao, naengua povu, nasubiri tena kidogo machicha yatulie chini. Kisha nasukuma mti polepole, nisiyakandamize machicha, na kahawa yote inahamia kwenye chupa ya chai. Ukiiacha ndani ya presi inazidi kukolea hadi inakuwa chungu.

Kwa chombo chenyewe: mti wake umenyooka, na ile springi inayozunguka ukingo wa kichujio inagusa kioo pande zote, ndiyo maana chenga hazipenyi. Kichujio kinafunguka vipande vipande, na lazima ukifungue kila siku, maana mafuta ya kahawa yakiganda kwenye wavu kikombe cha kesho kitanuka. Mdomo wake unadondosha kidogo ukimimina, weka kitambaa. Vumbi laini hubaki chini ya kikombe, kwa hiyo funda la mwisho liache. Na kwa kuwa wavu wa chuma hupitisha mafuta ya kahawa, ambayo hupandisha kolesteroli, mwenye tatizo hilo atumie kichujio cha karatasi badala ya presi.

Kinachoniudhi ni kioo. Ni chembamba, na cha akiba hakikupatikana pale iliponunuliwa. Kioshe kwa sponji laini, wala usikitie maji baridi kikiwa bado cha moto. Kama nyumbani kuna watoto wengi na sinki lenu ni la zege, ongeza hela uchukue ya chuma kitupu yenye kuta mbili. Hiyo hata ikianguka haivunjiki, na kahawa inakaa na moto zaidi. Kwa watu wawili watatu wenye mikono iliyotulia, hii ya kioo inatosha kabisa. Kabla ya kulipa, fungua boksi hapo hapo dukani, ushushe na kupandisha mti, uangalie kama wavu unagusa kioo mzunguko mzima.